Muulize Mwalimu: Mtoto bado yuko sekondari, krediti ya chuo kaipata wapi?

Mwezi huu barua zimejaa mpaka nimechoka kufungua, ila tatu zimegongana kwenye somo moja, takwimu, kwaiyo nimeziweka pamoja. Zile za ada na ile ya mtoto anaegoma kuvaa soksi zitangoja. Mwisho kabisa kuna jibu la swali letu la mwezi uliopita, lile la uwanja wa Mkwakwani, najua mnalisubiri manake wengine mmeshanisimamisha mpaka sokoni.

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne nipo hapa Makorora, asubuhi nachoma vitumbua jioni nauza mihogo. Mwanangu wa pili alichukuliwa na mjomba wake, wako Columbus, Ohio, kule Marekani, sa hivi anaingia darasa la 12 ambalo kwao ndio la mwisho. Wiki iliyopita mjomba mtu kanipigia wasap ananiambia dada, kijana inabidi achague, ama asome takwimu ya AP hapo hapo shuleni kwake ama asome takwimu ya chuo kwa mpango unaitwa College Credit Plus, na yoyote atakayochukua inampa krediti ya chuo kabla hata hajafika chuo. Baba yake kasikia kaguna, anasema mtoto hata cheti cha sekondari hajashika chuo anasomaje, huo utapeli. Jirani nae kaongeza chumvi yake kwamba huko watoto wanauziwa vyeti. Mimi mwalimu niliishia la saba ila sio mjinga, naomba unieleweshe hiyo krediti ni mdudu gani, kipi bora kati ya hivyo viwili, na nikiombwa hela nitoe au nisitoe. Na anaempenda zaidi ni mjomba wake siku hizi sio mimi, kwaiyo nataka niwe na la kusema.

Mama wa Makorora, Tanga

JIBU

Marahaba mama. Mwambie baba watoto ashushe pumzi, sio utapeli. Ni mambo ya kawaida kabisa kule, yana miaka, hiyo AP yenyewe imeanza miaka ya 1950 na somo la takwimu likaingizwa mwaka 1997. Jirani nae mwambie cheti hakuna anaeuza hapo, kijana atatoka jasho.

Krediti sasa. Wewe si unacheza mchezo na wenzio? Kuna kijumbe ana daftari, kila ukitoa hela anakupigia alama, zikitimia unapokea chako. Shahada ya Marekani nayo inaenda kwa alama hivyo hivyo, mwanafunzi anakusanya krediti kozi kwa kozi mpaka zifike kama 120 ndio anavishwa joho. Kozi moja ya takwimu ya mwanzo huwa krediti 3, vyuo vingine 4. Kwaiyo mwanao akiipata akiwa bado sekondari anaingia chuo daftari lake lina alama 3 tayari na ile kozi harudii. Ni sehemu moja ya 40, usichinje mbuzi, lakini sio kidogo kwa mtu anaelipa ada kwa dola.

Sasa sikiliza hapa manake hapa ndipo watu wanapoumia. Ukihama mchezo wa Makorora ukaenda kuingia mchezo wa Mabawa na daftari lako la zamani, nani anaamua kama alama zako zinahesabika? Kijumbe wa Mabawa. Yule wa Makorora hata aape kwa msahafu haimsaidii. Na krediti ni hivyo hivyo, anaesema ndio au hapana ni chuo anachoenda mtoto, sio shule anayotoka wala sio waliotunga mtihani. Kwaiyo swali lako la kipi bora haliwezi kujibiwa kabla ya swali jingine, kijana anataka kwenda chuo gani? Mjomba kalisema hilo? Naona kwenye barua halipo.

Nikueleze hivyo viwili. AP, yaani Advanced Placement, ni kozi inayofundishwa na mwalimu wa hapo hapo shuleni mwaka mzima, halafu mwezi Mei kuna mtihani mmoja unaosimamiwa na College Board, wale wale wenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya kule. Mtihani wa takwimu kwa miaka mingi ulikuwa wa saa 3, nusu ya kwanza maswali 40 ya kuchagua, nusu ya pili maswali 6 ya kuandika maelezo, na lile la sita ndio lilikuwa kubwa maana lilikuletea kitu ambacho darasani hukukiona uone utajitoaje. Matokeo yanatoka Julai, alama kuanzia 1 mpaka 5. Darasani anaweza kupata A mwaka mzima ila siku ya mtihani akaamka na malaria, ndio basi, chuo kinaangalia ile namba tu. Kwa Ohio kuna jambo zuri, vyuo vyote vya umma vya jimbo vimewekewa utaratibu kwamba ukipata 3 kwenda juu lazima wakupe krediti. Vyuo binafsi na vya majimbo mengine kila mtu na mlango wake, kuna wanaotaka 4, kuna wanaotaka 5, na kuna vile vyenye majina makubwa ambavyo hata ukiwa na 5 wanakwambia hongera, sasa anza mwanzo.

College Credit Plus ni ya Ohio, majimbo mengine wana za kwao, Minnesota ndio walitangulia mwaka 1985. Hapa mtoto anasajiliwa chuo kweli kweli. Anaweza kuwa anaenda chuoni, anaweza kuwa anasoma online, au chuo kimempa ruhusa mwalimu wa shule yake afundishe kozi yao. Hakuna mtihani mmoja wa kufa na kupona, kuna majaribio, homuweki, mradi, mtihani wa mwisho, vyote vinajumlishwa na inatoka gredi ya chuo. Akifaulu krediti ni yake tayari, na shuleni nako inahesabiwa, kozi ya krediti 3 inamfungia somo la mwaka mzima. Utamu huo. Uchungu wake ni kwamba ile gredi imeandikwa kwenye rekodi ya chuo na haifutiki, akipata D akiwa na miaka 17 akija kuomba udaktari akiwa na miaka 23 ile D imekaa pale inamwangalia. AP ukifeli unaweza usiwaonyeshe watu. Hii ya chuo huna pa kuificha.

Hela. Kama shule ya kijana ni ya umma na chuo nacho ni cha umma basi kwa College Credit Plus hamlipi ada wala vitabu, kwaiyo mtu akikupigia akasema tuma dola mia tano za kozi, muulize vizuri, na muulize mbele ya baba watoto. Ila akifeli kozi, uongozi wa shule za wilaya yake unaweza kuidai familia irudishe, hilo mjomba alijue mapema. AP ada ya mtihani inazunguka kwenye dola 100 hivi na kuna punguzo kwa familia zenye kipato kidogo, aombe, haya ya nini? Na kujiandikisha mtihani kwa kawaida ni mwezi Novemba ingawa mtihani ni Mei, kuna watoto wanakuja kustuka Februari. Anaweza kuhitaji pia kalkuleta ya kuchora grafu ambayo bei yake inauma, aulize kwanza shuleni kama wanaazimisha.

Ushauri wangu mimi? Nimefundisha hesabu miaka 31 nimeona aina mbili za watoto. Kuna yule wa daftari safi, kazi anafanya kila siku lakini ukimweka chumba cha mtihani anatetemeka mkono. Huyo mpeleke kozi ya chuo. Na kuna yule anaekaa nyuma, kazi za nyumbani hafanyi, siku ya mtihani anakuja na peni moja ya kuazima anaondoka na A. Huyo AP, manake kozi ya chuo itamla kwa vijizoezi vya kila Jumapili usiku. Wewe ndio unamjua mwanao, sio mjomba wala mimi, na hilo ndio la kusema ulilokuwa unalitafuta.

Nina mpwa wangu wa kike, simtaji, alisoma takwimu ya namna hiyo jimbo jingine, na ilifundishwa ndani ya jengo la shule yake na mwalimu wake yule yule wa kila siku. Akapata A. Akaomba chuo binafsi mbali na pale, kwenye udahili wakamwambia sisi kozi za chuo zilizofundishwa sekondari hatuzipokei. Alilia wiki. Mwishoni kuna dada mmoja wa ofisi hiyo hiyo akamwambia leta silabasi ya kozi tuone ilikuwa na nini ndani, labda itapita. Silabasi alishaitupa siku ya mahafali, na yule mwalimu kahama. Akarudia kozi nzima, na kulipa akalipa. Kwaiyo mwambie mwanao silabasi, mitihani iliyosahihishwa, mradi, kila kitu aweke kwenye faili. Siku hizi apige picha atume kwa mjomba, ndio kazi ya mjomba.

La mwisho ni anataka kusomea nini. Unesi, saikolojia, biashara, mambo ya afya ya jamii, hao wengi wanadai takwimu ya mwanzo, na krediti ile inaingia mahali pake kabisa. Lakini kama anaota uinjinia au hisabati yenyewe, huko mara nyingi wanataka takwimu inayotumia kalkulasi (calculus), na hii yake itapokelewa lakini itakaa kwenye fungu la masomo ya ziada, haimpunguzii lile lenyewe. Kama bado hajui anataka nini, na miaka 17 nani anajua, basi abaki Ohio kwenye vyuo vya umma maana vina makubaliano ya kupokeana kozi za msingi na takwimu ya mwanzo imo humo.

Na kitu kidogo nakuongezea kwa ajili ya baba watoto akija kubisha. Siku kijana akirudi na makaratasi yake yanasema krediti 3, mtu wa huku anaweza kucheka maana kwetu TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inahesabu krediti 120 kwa mwaka mmoja tu na shahada ya miaka mitatu ni 360. Ni vipimo tofauti, kama pishi na kilo. Krediti moja ya kwetu ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ya kwao ukipiga darasani na nyumbani kwa semista ya wiki 15 inafika kama saa 45. Tatu zake ni kama kumi na tatu na nusu za kwetu. Asibabaike.

SWALI

Mambo mwl. Mimi ni form five EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu), skuli iko Tanga mjini siitaji. Nimeona insta watoto wa Marekani wanasoma AP Statistics wanaingia chuo wakiwa wameshamaliza kozi, nikajiuliza sisi tumekosea wapi?? Nataka na mimi nifanye hio takwimu nikiwa hapa hapa nikifika chuo niwe nishamaliza. Inawezekana? Na je takwimu yao ni ngumu kuliko yetu ya Advance? Nisaidie mwl usinitaje jina baba anasoma hili gazeti.

Binti wa EGM

JIBU

Poa binti, jina sijalitaja na baba kama unasoma, mtoto wako yuko vizuri.

Jibu fupi ni kwamba kwa chuo cha hapa nchini haipo njia hiyo. Kwetu krediti zinaanza kuhesabiwa ukishasajiliwa chuo, Form Six ya NECTA ndio tiketi ya kuingilia na haikupunguzii kozi ya mwaka wa kwanza hata uwe na A ya Advance. Kutafuta kufanya mtihani wa AP ukiwa huku, kwanza utafute shule iliyokubaliwa kuusimamia, usafiri, ulipie dola, halafu urudi chuo ambacho hawana haja nao. Mimi nisingefanya, hela hiyo nunua bando. Ila kama una mpango wa kuomba Marekani, kuna vyuo kule vinavyotoa krediti kwa matokeo mazuri ya A-level, kwaiyo kabla hujaenda kuhangaika na AP andikia ofisi ya udahili uulize kuhusu Form Six yako, unaweza kukuta unacho tayari ulichokuwa unakitafuta nje.

Na pia mwanangu wewe mbona takwimu unaisoma! Angalia daftari zako. Kwenye Advance kuna mada ya takwimu na ya uwezekano, kwenye Jiografia ile practical kuna wastani na mkengeuko na grafu zake, kwenye Uchumi nako ndio usiseme. Ni kwamba imetawanywa vipande vitatu kwa walimu watatu ambao hawasalimiani, kwaiyo huoni kama ni somo moja.

Kuhusu ugumu. Hesabu ya kwenu ni ngumu zaidi, nasema bila kuogopa, mtoto wa AP haguswi na kalkulasi kabisa na kanuni anapewa kwenye karatasi. Kinachowatoa jasho wale ni maneno. Mtihani wetu unakupa jedwali unakwambia tafuta mkengeuko wastani (standard deviation), unapata 4.27, unapigia mstari mara mbili, umemaliza unatoka kunywa juisi. Wao ukiandika 4.27 ukaishia hapo wanakukata, wanataka useme 4.27 ya nini, inamaanisha nini kwa hao watu au hao samaki, na una uhakika gani.

Nikupe mfano tufanye wote. Kuna mzee wa Muheza anauza machungwa kwa jumla, anasema katika mzigo wangu mabovu hayazidi asilimia 10. Wewe unachukua machungwa 100, unayakata, unakuta mabovu 16. Mzee muongo? Mtoto wetu wa kawaida atasema 16 ni zaidi ya 10, muongo, twende polisi. Subiri. Hata kama mzee ni mkweli, ukichukua 100 kwa bahati unaweza kupata 8, unaweza kupata 12, unaweza kupata 13, bahati haina adabu. Swali la takwimu ni hili, tuseme mzee ni mkweli, je kukuta mabovu 16 au zaidi ni jambo la kutokea kila siku au ni la ajabu? Ukipiga hesabu inakuja kwamba lingetokea kama mara 4 katika 100. Hiyo 4 katika 100 ndio wanaiita p-valyu. Ni ndogo, wengi wanaweka mpaka kwenye 5, kwaiyo unasema machungwa haya yananipa sababu ya kumtilia shaka mzee. Umeona nilivyosema? Sijasema nimethibitisha muongo. Na sijasema kuna uwezekano wa asilimia 4 kwamba mzee ni mkweli, hilo kosa hata watu wazima wenye digrii zao wanalifanya, nimelisikia redioni na masikio yangu. Nimesema kama angekuwa mkweli basi nilichokiona kingekuwa nadra. Soma tena taratibu.

Halafu bado kuna swali kabla ya yote hayo, machungwa 100 umeyachukuaje? Kama ulichota juu ya tenga, tunajuana watu wa Tanga, juu panapangwa mazuri yanayong'aa na chini ndio kaburi. Kama mzee mwenyewe ndio aliekuchagulia, hapo hata usipige hesabu, ondoka. Mtihani wa AP unapenda sana sehemu hii, jinsi ya kuchagua sampuli na jinsi ya kupanga jaribio, na kwetu ndio mahali tunapopaparika tukakimbilia kwenye fomula.

Kwaiyo ukitaka kuisoma kwa ajili ya kuielewa, Khan Academy wana kozi nzima ya takwimu ya AP, bure, ina video na mazoezi, Kiingereza chake sio kigumu. Chuo Kikuu cha Rice nao kupitia OpenStax wana kitabu cha takwimu cha mwanzo unapakua bila kulipa, fanya ukiwa na waifai ya mtu. Ukifika chuo kozi utairudia ndio, lakini wenzio wakiwa wanakimbizana na noti wewe utakuwa unakula chipsi. Na kama unaipenda kweli kweli kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Dar, kipo toka miaka ya 1960, wana kuanzia cheti mpaka shahada, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara yake ya takwimu. Usidhani kazi hakuna. Sensa ya 2022 ilipotoka na watu 61,741,120, Mkoa wa Tanga peke yake 2,615,597, hizo namba hazikudondoka mbinguni. Na mwaka huo huo utafiti wa afya uliongea na kaya elfu 15 na ushee tu kisha ukasema mambo ya nchi nzima. Kwanini elfu 15 zinatosha kuisemea nchi ya watu milioni 60? Ukiweza kumwelezea baba yako hilo mezani akaelewa, AP umeshaifaulu hapo hapo nyumbani.

SWALI

Mwalimu mimi dereva bajaji Pongwe. Kijana wangu form two Basic Mathematics ni F, F, F kama sare. Nimesoma toleo la nyuma ulisema takwimu ni ya kila mtu. Sasa huyu wangu nae ni mtu? Na hawa wa Marekani wanaosomeshwa chuo wakiwa watoto si wanachomwa kabla hawajaiva?

Baba wa Pongwe

JIBU

Ni mtu baba, ni mtu kabisa. Nilichosema toleo lile ni kwamba takwimu inamuhitaji mtu anaejua kujumlisha, kugawanya, asilimia na kueleza anachokiona. Mpe kazi moja. Wewe kila siku unajua umeingiza ngapi, si ndio? Mpe daftari, kila jioni mwambie aandike hesabu ya siku, mafuta kiasi gani, abiria wangapi, mvua ilinyesha au haikunyesha. Baada ya wiki 6 muulize Jumatatu na Ijumaa ipi inalipa, na mvua inakusaidia au inakuumiza. Usimwambie kwamba ni hesabu. Asilimia zitamshinda mwanzoni, mkae nae, na akikosea usitukane, wewe mwenyewe naona umeandika F tatu bila kuhesabu ziko ngapi kwa mihula.

Kuhusu kuchomwa kabla ya kuiva, hapo nakubaliana na wewe nusu. Kuna familia kule zinamjazia mtoto AP 8 mpaka 10 kama anabebeshwa mkonge, anafika chuo ameshachoka na kusoma. Lakini kozi moja ya takwimu kwa mtoto wa miaka 17? Hiyo sio kuchomwa, ni kupashwa moto. Mwaka wa mwisho wa sekondari ya kwao una nafasi nyingi tu.

JIBU LA SWALI LA MWEZI ULIOPITA

Kwa waliolikosa, swali lilikuwa hivi, kijana kasimama nje ya lango la Mkwakwani siku Coastal Union wanacheza nyumbani, kauliza watu 200 wewe timu gani hapa Tanga, 170 wakasema Coastal, akaenda kuandika kwamba asilimia 85 ya watu wa Tanga ni Coastal. Kakosea wapi?

Wengi mmeandika kakosea kwa sababu 200 ni wachache. Hapana! Watu 200 wakichaguliwa kwa bahati nasibu mji mzima, kosa lake kwa kawaida halizidi asilimia 7 huku au kule, ni sampuli inayoheshimika. Shida ni lango. Siku hiyo aliekuja uwanjani kaja kuitazama Coastal, mwenye African Sports yake yuko nyumbani anacheza bao, na wanawake wanaopika muda huo hawamo kabisa, na mtu wa Pongwe au Maweni nani kamuuliza? Angeuliza watu 2,000 pale pale langoni angepata jibu lile lile la uongo, tena angekuwa na kiburi zaidi nalo. Waliopatia vizuri ni wanne, na alienichekesha ni mmoja wa Chumbageni alieandika kwamba kama kijana aliuliza watu baada ya mpira kuisha, basi wale walioondoka dakika ya 80 kwa hasira hawakuhesabiwa, na hao ndio mashabiki wenyewe. Hilo mimi sikuliwaza, nimempa alama zote.

Swali la mwezi huu: mtu anaenda soko la samaki la Deep Sea kila Ijumaa saa 3 asubuhi, anapima urefu wa samaki waliobaki mezani kwa wauzaji, baada ya mwaka anasema samaki wa bahari ya Tanga wamekuwa wadogo. Anaweza kuwa sahihi, anaweza asiwe. Niambieni mngempa masharti gani kabla hamjamwamini, na msiniandikie fomula, niandikieni maneno. Majibu yafike kabla ya tarehe 20.